Miguu Katika Shamba Namba 417

1

Droni ya kaunti ilifika shamba namba 417 saa nne asubuhi, ikazunguka mara moja juu ya mahindi, ikasoma udongo, kisha ikageuka na mfuko wake wa mbolea na kuelekea mjini.

Mkawasi Nyambu alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la tatu, akichimbua kisikio cha kupima udongo kilichonyamaza tangu mvua zianze. Aliinua kichwa akaitazama droni ikipotea nyuma ya mlima. Mahindi yaliyomzunguka yalikuwa yamefika magotini na yalikuwa ya manjano, ile manjano inayoanzia kwenye ncha ya jani la chini na kupanda katikati yake. Yeyote aliyesomea udongo anajua maana yake. Shamba lilikuwa na njaa, tena njaa ya kutibika kwa mfuko mmoja tu, ule ule uliokuwa umeondoka.

"Huwa inafanya hivyo," alisema mwanamke aliyekuwa akipalilia nyuma yake. "Inakuja, inaona tuna njaa, inakwenda kumlisha mwingine."

Aliitwa Malemba. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amevaa viatu vya mpira alivyovikata juu ya kifundo ili visimchome jua likiwaka. Shamba hilo alikuwa amelilima miaka tisa. Halikuwa lake. Kila mavuno alimpelekea mwenye hati magunia sita, na yanayobaki ndiyo aliyokula na kuuza.

"Mfuko ule ni wa shamba hili," Mkawasi alisema. "Visikio ndivyo vilivyouita."

Kulikuwa na visikio arobaini katika kila ekari ya Kaunti ya Mwalangi. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa punje ya kunde. Vilikaa chini ya jembe, vikanyonya umeme mdogo kutoka kwenye mizizi, vikasikiliza maji yakipita kwenye udongo na chumvi zikipungua. Vikiona upungufu, viliita mgao: mbolea, mbegu au saa za maji ya mfereji. Mkawasi ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mfumo huo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na miaka miwili iliyopita alikuwa amezunguka mikutano yote ya kaunti akiwaambia wakulima kwamba visikio vitasikiliza udongo, udongo peke yake.

"Najua ni wetu," Malemba alisema. "Umeandikwa namba."

Aliweka jembe chini, akaenda hadi kwenye kibanda chake cha makuti kando ya shamba, akarudi na mfuko mtupu uliokunjwa vizuri. Ubavuni ulikuwa na muhuri wa kaunti, maneno BURE KWA MKULIMA, na chini yake namba 417.

"Huu niliununua wakati wa kupanda. Elfu nne na mia tano."

"Uliununua? Nani aliyekuuzia?"

Malemba aliutazama mfuko, halafu akamtazama Mkawasi, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka.

"Baba yako hajambo?" aliuliza.

Mkawasi alibaki na kisikio mkononi. Yeye alifanya kazi na namba za mashamba. Majina yalikaa ofisi nyingine, na hakuwahi kuwa na sababu ya kuyauliza.

"Duka lake liko karibu na stendi," Malemba aliendelea, bila ukali. "Sikusemi vibaya, fundi. Hati ni yake na mimi nilikubali masharti yake. Ila nilitaka kuuliza kitu kimoja. Hivyo vidude vyenu vinasikia kila kitu. Havijui ni nani anayelima hapa?"

2

Vilijua. Alipofika ofisini alfajiri ya kesho yake, Mkawasi alifungua hifadhi ambayo hakuwa ameifungua tangu mfumo uanzishwe.

Kisikio hakiwezi kusikia maji yakitembea kwenye udongo mpaka kwanza kiondoe kelele nyingine zote: mvua, ng'ombe, upepo unaotikisa mizizi, na miguu ya watu. Ili kuondoa sauti ya mguu lazima kiujue. Kwa hiyo kila kisikio kilikuwa kimejifunza kila mguu uliopita juu yake, uzito wake, mwendo wake, jinsi kisigino kinavyotangulia, kisha kikaufuta kwenye hesabu zake. Kwenye hesabu ulifutwa. Kwenye hifadhi ulibaki. Mkawasi mwenyewe alikuwa ameandika sehemu hiyo ya mfumo, na aliiacha hivyo kwa sababu nafasi ilikuwepo na hakuna aliyeuliza.

Alifungua namba 417.

Siku ya kufukia visikio, kila mwenye hati alitakiwa kuja kuonyesha mipaka ya shamba lake, kwa hiyo hatua zake ndizo zilizokuwa za kwanza kwenye kumbukumbu. Mkawasi alizisikiliza kwa dakika moja tu. Hatua nzito, kisha hatua inayoburuta kidogo upande wa kushoto. Goti la baba yake lilikuwa baya tangu alipoanguka na pikipiki. Alizunguka mipaka mara moja, akaondoka, na katika misimu minne hakukanyaga tena.

Mguu wa pili ulikuwepo kila siku, mwepesi na wa haraka. Kila asubuhi kabla ya kazi ulisimama pembe ya mashariki kwa dakika tisa, pasipo na tuta wala mfereji. Mkawasi alijiuliza Malemba alikuwa akifanya nini pale. Pengine alisali, pengine alipumua tu. Mara akaona aibu, akafunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye mtu ndani.

Lakini aliendelea na mashamba mengine, kwa sababu sasa alitaka kujua. Kaunti ilikuwa na mashamba elfu kumi na moja. Katika elfu saba, mwenye hati hakuwa amekanyaga tangu siku ile ya mipaka. Aliomba majina yao kutoka ofisi ile nyingine: wengine walikuwa mijini, wengine ng'ambo. Mamia kadhaa, akilinganisha na rejista ya vifo, walikuwa kaburini, na bado mifuko yao ilipelekwa na kupokewa. Waliolima walikuwa wengine: wajane, wapangaji, wake ambao majina yao hayakuwa popote.

Akaona na mambo mengine ambayo hakuyatafuta. Aliona mwalimu mkuu mmoja anapita shamba la jirani kila Alhamisi jioni. Aliona kijana anayekimbia kutoka nyumba moja kila mara hatua nzito ziliporudi nyumbani. Maisha ya watu laki mbili yalikuwa humo, na kila mmoja wao alikuwa ameambiwa kwamba hasikilizwi.

Akachapisha ukurasa mmoja wenye jumla peke yake, akaenda kwa waziri.

3

Righa Mwachofi, waziri wa kilimo wa kaunti, aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Alikuwa mtu mkubwa, mwepesi wa kucheka, aliyelelewa na mama aliyelima shamba la watu, na jambo hilo hakulificha kamwe.

"Elfu saba!" alisema. "Miaka sita nimelijua hili na sikuwa na pa kulishika. Wakubwa wananiambia leta ushahidi. Mkawasi, umeniletea ushahidi!"

"Ushahidi wenyewe una tatizo, mheshimiwa."

"Hauna tatizo hata kidogo. Sikiliza." Alivuta kitabu cha sheria ndogo za mgao, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja zamani. "Mkulima ni mtu anayelima, kama inavyothibitishwa na kumbukumbu za shamba au na majirani watatu. Sisi tumekuwa tukisoma hati kwa sababu hatukuwa na kumbukumbu. Sasa tunazo. Daftari la mwaka linafungwa Jumatatu saa sita mchana. Usiku wa Jumapili unabadilisha majina, Jumatatu linafungwa, mwaka mzima mbolea inakwenda kwa aliyelima. Imekwisha."

"Watauliza tumejuaje."

"Tutasema mfumo umeboreshwa."

"Niliwaambia hatuwasikilizi. Nilisimama mbele yao mheshimiwa, mikutano thelathini na mmoja."

Righa aliketi. Alizungumza polepole, na kwa upole. "Huyo mama wa 417 anaitwa nani?"

"Malemba."

"Mahindi ya Malemba yana wiki ngapi kabla hayajaharibika?"

"Mbili."

"Basi muulize atachagua nini, mbolea au ahadi yako." Akakifunga kitabu, kisha akaongeza, "Na kumbukumbu zibaki. Usizifute. Kuna wengine serikalini watazipenda. Wizi wa mifugo, watu wanaotafutwa... Hebu fikiria."

Mkawasi alikuwa amefikiria. Hadi dakika ile alikuwa akiyumba, maana hoja ya waziri ilikuwa nzuri na njaa ya mahindi ilikuwa ya kweli. Lakini aliposikia neno "watazipenda" aliona wazi mambo yatakavyokuwa: mwaka huu mbolea kwa Malemba, mwaka ujao askari mlangoni kwa yule kijana anayekimbia, na yote kwa visikio vile vile.

"Nipe hadi Jumatatu saa sita," alisema.

"Unataka kufanya nini?"

"Sheria inasema kumbukumbu au majirani watatu. Nataka majirani."

"Mashamba elfu saba kwa siku tatu?"

"Nina mafundi ishirini na wanne. Na kila ushirika una kishikwambi."

"Ukishindwa, daftari la zamani linafungwa kama lilivyo. Utakuwa umewanyima kwa mwaka mzima."

"Najua," Mkawasi alisema.

4

Ijumaa asubuhi alikwenda dukani kwa baba yake.

Mzee Nyambu alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, goti lake bovu juu ya kreti ya soda. Ukutani nyuma yake mifuko ya kaunti ilikuwa imepangwa hadi kwenye dari, namba zikitazama ukuta.

"Mama!" alimwita, kwa kuwa Mkawasi alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mzee huyo. "Umekuja mapema. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, baba. Nimekuja kwa ajili ya shamba la 417."

Alimweleza yote bila kuzunguka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Lile shamba nililinunua kwa pesa za pensheni," alisema. "Halali. Hati ni yangu, mgao umekuja kwa jina langu, nimeuza kilicho changu. Na karo yako ya mwaka wa mwisho chuoni ilitoka hapa hapa," akapiga kaunta kwa kiganja. "Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Sasa unajua."

Mkawasi aliitazama ile mifuko. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Shahada yake ya udongo, kiburi chake chote, vililipwa na mwanamke aliyenunua mbolea ya bure.

"Nashukuru, baba. Sitakurudishia kwa kunyamaza."

"Ukimwandika yeye, nitamtoa. Nitapanda mikaratusi. Mti hauhitaji mgao."

Hilo ndilo aliloliogopa, na alijua wenye hati wengine watasema hivyo hivyo. Alikuwa amelala na kuamka na jambo hilo.

"Panda," alisema. "Mikaratusi inakomaa baada ya miaka minane. Malemba anakuletea magunia sita kila mavuno, na mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Mgao sasa utafuata mkulima. Shamba lisilo na mkulima halina mbolea, halina mbegu, na mfereji unafungwa. Ukimtoa, baba, unabaki na karatasi na ekari mbili za vumbi. Ukimwacha, unabaki na magunia yako."

Mzee alimtazama.

"Nilikusomesha ili uje kunihesabia hivyo?"

"Ndiyo," Mkawasi alisema. "Nadhani ndivyo."

Aliondoka bila kumuaga. Alipofika mlangoni alisikia kreti ya soda ikisukumwa kwa nguvu, lakini hakugeuka.

5

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nane mchana katika uwanja wa ghala la ushirika wa Kironge. Watu walikuwa mia nne hivi, na mafundi wake walirusha sauti yake kwenye redio ya kaunti ili maghala mengine yote yasikie. Mkawasi alisimama juu ya mizani ya kupimia mahindi, kwa sababu hapakuwa na jukwaa.

Hakuanza na habari njema.

"Miaka miwili iliyopita niliwaambia visikio havisikilizi watu," alisema. "Haikuwa kweli. Nilijua vinajifunza hatua zenu ili viziondoe. Sikujali kuhakikisha kwamba vinazisahau. Kila hatua mliyopiga kwenye mashamba yenu tangu siku ile imehifadhiwa. Juzi nimezifungua na nimeziona. Kosa ni langu, wala si la mfumo."

Kelele zililipuka. Mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kama kaunti iliwaona pia wakienda chooni. Mwingine alimwita mwizi. Yule mwalimu mkuu wa Alhamisi jioni, Mkawasi alimwona, aliondoka taratibu akipitia nyuma ya ghala.

Malemba alipita katikati ya watu akiwa na kikapu. Alikimimina mbele ya mizani. Visikio themanini, vyote vya shamba la 417, bado vina udongo.

"Nimeamka saa kumi na moja kuvichimba," alisema. "Fundi wako mmoja alitunong'oneza jana. Pale pembeni ninaposimama asubuhi, ulipaona?"

"Nilipaona, mama."

"Pale huwa namlilia mume wangu. Nyumbani kuna wajukuu, siwezi. Nilidhani shambani niko peke yangu."

Mkawasi angeweza kusema kwamba alifunga haraka, kwamba hakujua sababu. Hakusema.

"Nisamehe," alijibu.

Malemba hakusema amesamehe. Alisimama pale pale, mikono kiunoni, akisubiri, na kwa kuwa yeye alinyamaza wengine nao walianza kunyamaza.

"Nina maneno mawili yaliyobaki," Mkawasi alisema. "La kwanza." Aliinua kishikwambi chake juu ili walio mbele waone. Kulikuwa na hifadhi moja, na nakala yake moja. Alizifuta zote mbili, akawaonyesha namba ikiteremka mpaka sifuri, akampa katibu wa ushirika ahakikishe mwenyewe. Tangu dakika hiyo hapakuwa tena na ushahidi wa wale wenye hati elfu saba. Hakuna aliyeweza kuthibitisha chochote isipokuwa watu waliokuwa uwanjani na katika maghala mengine, kwa midomo yao.

"La pili. Sheria inasema mgao ni wa anayelima. Kuanzia sasa hadi Jumatatu saa sita mchana, anayelima aende shambani na majirani watatu. Apite mbele yao tangu mpaka hadi mpaka, majirani waseme wamemwona akilima, fundi aandike jina, shambani au ghalani. Kisikio kitaujua mguu huo mmoja, wa mtu aliyekubali, na kitausikiliza siku tatu kwa msimu: kupanda, palizi na kuvuna. Nimeshaandika hivyo ndani yake, na katibu wenu ana nakala. Asiyetaka asije. Asiyetaka visikio kabisa, avilete hapa kama mama alivyoleta."

"Na mwenye shamba akitufukuza?" aliuliza mtu.

Aliwaeleza alichomweleza baba yake, kuhusu maji na karatasi na vumbi. Alisema hawezi kuwaahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa. Alisema anachojua ni kwamba wakiandikishwa wengi, mwenye hati hatapata mpangaji mwingine wa kumtishia nao.

Malemba aliinama, akachambua lundo lililokuwa miguuni pake, akaokota kisikio kimoja, akakifuta kwa kanga.

"Hiki kimoja kinatosha?"

"Kwa kukusikia, kinatosha. Kwa kusoma udongo vinahitajika vyote."

"Tutaanza na kimoja," Malemba alisema. "Nione kama unasema kweli."

6

Jumapili mchana Mzee Nyambu alishuka kwenye pikipiki ya kukodi kando ya shamba la 417, amevaa suti na viatu vyake vya kanisani.

Malemba alikuwa bado hajapita. Alikuwa ameshughulika tangu alfajiri kuwashuhudia majirani zake, na sasa majirani watatu walikuwa wamekuja kumshuhudia yeye. Mkawasi alikuwa na kishikwambi. Alipomwona baba yake, alikishusha.

"Umesema anayetaka apite," Mzee alisema. "Nimekuja kupita."

"Ni haki yako, baba. Sheria haimkatazi mtu."

"Majirani watatu?"

"Watatu waliokuona ukilima."

Mzee aliwatazama wale watatu. Mmoja alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na huyo aliangalia pembeni. Hakuna aliyecheka. Jua lilikuwa kali na goti lilikuwa likimuuma, Mkawasi aliona hivyo kwa jinsi alivyosimama.

Malemba alimsogelea, akamnyooshea jembe.

"Mzee, karibu," alisema. "Tuta hili halijapaliliwa. Ukimaliza watakuwa wamekuona."

Haikuwa kejeli, au kama ilikuwepo aliificha vizuri. Mzee Nyambu alivua koti, akampa binti yake. Akashika jembe. Alikuwa mtoto wa mlimani, alijua kulishika, na mapigo yake ya kwanza kumi yalikuwa safi kabisa. Kufikia nusu ya tuta alikuwa akipumua kwa mdomo. Alikata mmea mmoja wa mahindi kwa bahati mbaya, akasimama akautazama. Aliinama, akajaribu kuusimamisha kwenye udongo, ukaanguka tena.

"Tuta hili lina urefu gani?" aliuliza.

"Hatua hamsini na nne," Malemba alisema. "Shamba lina matuta mia na ishirini. Nayapalilia mara mbili kila msimu."

Mzee aliketi kwenye ukingo wa tuta. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba Mkawasi alitaka kumwendea, lakini Malemba alimzuia kwa jicho, akampelekea maji yeye mwenyewe. Mzee alikunywa yote.

"Kila msimu," alirudia. Kisha akamgeukia binti yake. "Andika jina lake."

Mkawasi hakusogea.

"Mama, andika. Lakini magunia yangu sita yabaki sita."

"Manne," Malemba alisema.

"Matano."

"Matano, na mifuko iliyo dukani yenye namba yangu inarudi hapa."

Mzee alijaribu kukasirika, akashindwa, akanyoosha mkono ainuliwe. Malemba alimwinua. Ndipo alipovua viatu vya mpira, akapita shamba lote peku, tangu mpaka hadi mpaka, na kishikwambi kikalia mara moja mkononi mwa Mkawasi.

7

Jumatatu saa tano na nusu, Righa Mwachofi alifika ghala la Kironge na barua mfukoni. Ilikuwa ya kumsimamisha Mkawasi kazi kwa kuharibu mali ya kaunti. Alimkuta kwenye meza ya mbao nje ya ghala, na foleni mbele yake imefika barabarani. Haikuwa foleni ya kutembea. Hawa walishapita mashambani mwao na walikuja na majirani zao kutia sahihi.

"Umefuta kila kitu," alisema.

"Kila kitu, mheshimiwa."

"Wamefika wangapi?"

"Elfu tano na mia mbili, maghala yote. Tangu saa mbili wanaongezeka."

Righa alipiga hesabu, hakuhitaji karatasi. "Elfu mbili karibu wamebaki nje. Njia yangu ingewaingiza wote."

"Ndiyo. Wengine wameogopa wenye mashamba. Wengine hawaniamini tena." Mkawasi hakuinamisha macho. "Hao nimewakosesha mwaka mmoja, na nitawaambia hivyo mmoja mmoja. Hawa elfu tano hakuna atakayeweza kuwaondoa, kwa sababu wamejiandika wenyewe."

Righa alimpa barua. Mkawasi aliisoma, akaikunja, akainuka kwenye kiti, kwa kuwa barua ilisema inaanza kutumika mara moja. Akakiweka kishikwambi mezani mbele ya waziri. Zilibaki dakika ishirini na tatu.

Mwanamke mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alimtazama Mkawasi, akamtazama waziri, akaona kiti kitupu. Majirani zake watatu walisogea pamoja naye.

"Sasa nani anaandika?" aliuliza. "Sisi tumetembea tangu asubuhi."

Mafundi wengine walikuwa mbali, kila mmoja kwenye ghala lake. Righa alitazama saa yake. Alitazama foleni, kanga na makoti na viatu vya matope, urefu wake wote hadi barabarani. Alikuwa na dereva mmoja, na dereva hakujua mfumo.

Aliketi. Kiti kilikuwa kidogo kwake. Akavuta kishikwambi, akakigeuza huku na huku.

"Unabonyeza wapi?" alimuuliza Mkawasi.

"Hapo juu. Jina la mkulima kwanza, halafu namba ya shamba."

"Jina lako, mama?" Righa aliuliza.

Mwanamke alijinyoosha, akalitaja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la ukoo, polepole, ili lisikosewe herufi.